Baada ya Maafa, Mtoto Anahitaji Watu Wake Kabla ya Maswali

Usiku wa Alhamisi, Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika Shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri nchini Kenya. Bweni hilo lilikuwa likilaza wavulana 156, na 21 kati yao walipoteza maisha. Kesho yake, hata hivyo, hakuna aliyekuwa na hakika ya idadi. Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alitangaza kwamba watoto 70 walikuwa bado hawajulikani waliko, akafafanua kuwa hiyo haina maana kwamba wamekufa: baadhi walikuwa wamechukuliwa na wazazi wao usiku ule ule, wengine wamehifadhiwa na wanakijiji wa jirani. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulifungua pale shuleni dawati la kuulizia waliopotea, pamoja na huduma ya ushauri nasaha. Ukimuuliza mtu ni lipi kati ya hayo mawili linalohusu moyo wa mtoto, atakuonyesha washauri, na dawati ataliona kuwa kazi ya karani. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 80 unasema tofauti. Kwa mtoto aliyetoka kwenye moto, tope au mafuriko, kumrudisha kwa watu wake, kumwambia ukweli na kumrejeshea utaratibu wa siku ndiyo tiba ya mwanzo. Mazungumzo ya kitaalamu yana nafasi yake, lakini nafasi hiyo huja baadaye, kwa wachache, na yakianza hayana budi kudumu.

Ushahidi huo unaanzia London, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiushambulia mji huo usiku baada ya usiku, Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulelea watoto katika eneo la Hampstead. Walichokiona, wakakichapisha kabla vita haijaisha, kilikwenda kinyume na matarajio ya wengi: mtoto mdogo aliyekaa handakini na mama yake, mabomu yakirindima juu, mara nyingi alivumilia vizuri kuliko mwenzake aliyepelekwa mashambani penye usalama bila mama. Miongo minne baadaye, mioto mikubwa ya nyika ilipoikumba Australia Februari 1983, daktari wa magonjwa ya akili Alexander McFarlane alifuatilia watoto 808 wa shule za msingi. Ukubwa wa hatari ambayo mtoto aliiona kwa macho yake haukuamua hali yake ya baadaye kwa kiasi kilichoamuliwa na mambo mengine matatu: kutenganishwa na wazazi mara baada ya moto, mama kuendelea kuzama katika mawazo ya tukio, na maisha ya nyumbani kubadilika. Yote matatu hutokea baada ya maafa kupita. Alichokwisha kukiona mtoto hakuna awezaye kumwondolea, lakini kitakachomkuta kesho yake kiko mikononi mwa watu wazima.

Tuanze na hilo la kutenganishwa. Mlima Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipolipuka Mei 22, 2021, wakazi wa Goma walikimbia usiku, wengine kuelekea Sake na wengine kuvuka mpaka na kuingia Rwanda. UNICEF ilieleza kuwa watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Katika mikimbio ya namna hii, wema wenyewe huweza kumpoteza mtoto. Msamaria anamwona analia barabarani, anampakia kwenye pikipiki, anampeleka kwake mji wa pili, na mama aliyepotezana naye kwa nusu saa anabaki kumtafuta wiki nzima. Dawati linalofanya kazi yake huandika jina la mtoto na lile analoitwa nyumbani, darasa lake, jina la mlezi na namba ya simu kama mtoto anaikumbuka, nguo alizovaa na mahali alipookotwa. Kisha huandika jina na sahihi ya mtu aliyemchukua, na anakompeleka. Anayekuja kumchukua huulizwa maswali, na mtoto mwenyewe huulizwa kama anamfahamu. Ndugu wa tumbo moja hawagawanywi kwenye kambi mbili kwa sababu magodoro hayakutosha. Kazi hii haihitaji shahada ya saikolojia. Inahitaji daftari, kalamu, mtu asiyeondoka mezani, na uamuzi uliofanywa mapema kwamba nakala ya orodha ya wanafunzi itunzwe nje ya jengo linaloweza kuungua.

Hali ya mzazi ndiyo husahauliwa zaidi. Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji wa Katesh pamoja na maeneo ya jirani kama Gendabi, mkoani Manyara nchini Tanzania. Watu 89 walifariki, na baadhi ya waliokosa makazi walihifadhiwa shuleni. Mama aliyepoteza nyumba na biashara kwa asubuhi moja, pengine na mtoto mwingine, anaweza kuwapo kwa mwili tu. Mtoto humsoma usoni. Akimwona anashtuka kila mvua inapoanza kunyesha, naye atajifunza kuogopa kila wingu. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mtoto na aanze na mama: apate pa kulala panapofungika, asisimame foleni saa nne na mtoto mgongoni, aelezwe kila asubuhi kinachoendelea hata kama hakuna jipya, apate mtu wa kumshikia mtoto kwa muda ili aoge, alale, alie. Wapo watakaosema chakula na hema vitangulie, mambo ya moyo yasubiri. Mgongano huo haupo. Mahema yanaweza kupangwa ili majirani wa mtaa mmoja wakae pamoja. Choo cha wasichana kinaweza kuwekewa taa na komeo. Unga unaweza kukabidhiwa kwa mzazi apike mwenyewe, badala ya mtoto kupanga foleni kwa wageni na sahani mkononi. Misaada ni ile ile. Namna ya kuigawa ndiyo humtuliza mtoto au kumzidishia hofu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wenye nia njema kabisa. Wanasema mtoto aliyeona maiti lazima aseme alichokiona mapema iwezekanavyo, asipoyatoa yatamwozea ndani. Imani hiyo imezaa desturi ya kuwakusanya manusura ndani ya siku chache, kuwaketisha duara na kumtaka kila mmoja asimulie tukio mwanzo hadi mwisho na jinsi alivyojisikia. Utaratibu huo uliandaliwa na Mmarekani Jeffrey Mitchell miaka ya 1980 kwa ajili ya wazima moto na wahudumu wa magari ya wagonjwa, watu wazima walioichagua kazi hiyo, kisha ukasambaa kwa kila aina ya manusura. Ulipopimwa haukufua dafu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2002 hayakupata ushahidi kwamba kikao kimoja cha aina hiyo huzuia ugonjwa wa kiwewe. Katika jaribio moja la Uingereza lililohusu watu walioungua moto, miezi 13 baadaye asilimia 26 ya waliofanyiwa kikao walikuwa na ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 9 ya wasiofanyiwa. Kwa upande wa watoto, Paul Stallard na wenzake walifuatilia 158 wa umri wa miaka 7 hadi 18 waliopata ajali za barabarani: waliosimulishwa ajali na waliozungumzishwa mambo mengine walipata nafuu sawasawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) haliungi mkono vikao hivyo. Pamoja na hayo, bado baada ya kila ajali ya shule husikika ahadi kwamba watoto wote "watazungumzishwa" kabla ya wiki kuisha, kana kwamba idadi ya vikao ndiyo kipimo cha huruma.

Kutomlazimisha mtoto kusema si kumnyamazisha. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na WHO pamoja na mashirika ya War Trauma Foundation na World Vision umejengwa juu ya vitendo vitatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Mwalimu au kijana wa kujitolea huanza kwa kutazama nani yuko peke yake, nani anatetemeka, nani amembeba mdogo wake. Huchuchumaa awe usawa wa macho ya mtoto, hujitaja jina, huuliza jambo linalojibika: Umekula? Una kiu? Uko na nani hapa? Mtoto akianza kusimulia husikilizwa mpaka aishie mwenyewe, asivutwe kuongeza. Akinyamaza, mtu hukaa naye, pengine wakasokota mpira wa makaratasi. Akiuliza kama baba amekufa, huambiwa kwa neno lenyewe ikiwa imethibitishwa. Kama bado, huambiwa kwamba watu wanatafuta na kwamba habari ikipatikana hatafichwa. Mzazi naye huandaliwa kwa atakayoyaona. Mtoto wa miaka minne aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Wa miaka minane anaweza kulalamika tumbo kila asubuhi, au kucheza mchezo wa mafuriko tena na tena, akimzika mdoli na kumfukua. Mengi ya hayo hupungua wiki zikipita, mradi mtoto hachapwi kwa kukojoa wala kukatazwa kucheza. Vidonge vya kumtuliza havihitajiki: tangu mwaka 2013 mwongozo wa WHO unashauri watoto wasipewe dawa za kundi la benzodiazepini kwa dalili za mwezi wa kwanza.

Upande mwingine wapo wanaodai kuwa watoto husahau haraka, na hivyo hata haya ni kuwadekeza. Dai hilo lina chembe ya ukweli: wengi hupona bila kuonana na mtaalamu. Lakini wengi si wote, na utulivu wa mtoto ni shahidi asiyeaminika. Oktoba 21, 1966, lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka na kuifunika shule ya msingi ya kijiji cha Aberfan, Wales. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Miaka 33 baadaye watafiti waliwachunguza manusura 41 waliokuwa wanafunzi siku ile. Asilimia 46 walikuwa wamewahi kuugua ugonjwa wa kiwewe, na asilimia 29 walikuwa nao bado, sasa wakiwa watu wazima. Utafiti wa Australia nao unaonyesha jinsi tunavyodanganyika. Miezi miwili baada ya moto, wazazi waliripoti matatizo machache kuliko hata yale ya watoto ambao moto haukuwafikia. Mwezi wa nane matatizo yalikuwa yamepanda, na mwezi wa 26 yalikuwa hayajashuka. Huenda watoto walijizuia wasiwaongezee wazazi mzigo, au wazazi walikuwa wamezidiwa wasione. Vyovyote iwavyo, kalenda ya misaada inakwenda kinyume na kalenda ya mtoto. Magari na kamera hujaa wiki ya kwanza, wakati anachohitaji ni utulivu na ndugu zake, kisha huondoka kabla dalili zinazohitaji mtaalamu hazijajitokeza. Kwa mtoto wa Katesh, mwezi wa nane ulikuwa Agosti 2024.

Hoja nyingine inasikika zaidi vijijini na kwenye nyumba za ibada: sisi tuna msiba, tuna matanga na dua, saikolojia ya wageni ya nini? Hoja hii ina nguvu kuliko wataalamu wengi wanavyokiri. Msiba huwaleta shangazi na binamu, jiko halizimi, hakuna anayelala peke yake. Huko ndiko kuunganisha kwenyewe, kulikofanyika kabla ya mwongozo wowote kuandikwa. Ufa uliopo ni kwamba desturi hizi mara nyingi huwafaa watu wazima. Mtoto hupelekwa kwa jirani wakati wa maziko na kuambiwa mama amesafiri. Mvulana wa miaka 12 huambiwa kuwa sasa yeye ndiye baba wa nyumba, na mwanamume halii. Uongo wa safari haudumu, kwa sababu watoto wenzake watamwambia, na siku hiyo atakuwa amempoteza pia mtu mzima aliyebaki, maana hatamwamini tena. Marekebisho yanayotakiwa ni madogo. Mtoto aelezwe atakachokiona, aachiwe kuchagua kwenda au kubaki, awe na mtu mmoja wa kumshika mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na apewe la kufanya: kuitikia dua, kuweka ua, kuchagua picha ya marehemu. Pale miili inapoungua kiasi cha kutambuliwa kwa vipimo vya vinasaba, kama ilivyokuwa Endarasha, aelezwe pia kwa nini maziko yanachelewa, kwa sababu pengo la maelezo hulijaza mwenyewe kwa jambo baya zaidi.

Kijana wa miaka 15 ana shida yake: hahesabiwi mtoto, na mtu mzima bado. Haji kulalamika tumbo. Hukasirika, hulala mchana kutwa, huanza pombe, huacha shule akatafute kibarua, au huwa mtulivu kupita kiasi na kuwalea wadogo zake kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa. Kinachomkera ndani mara nyingi ni hatia: kwa nini yeye alitoka na rafiki yake hakutoka. Hatia hiyo huwafikia hata ambao hawakuwapo. Basi la Shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni Karatu Mei 6, 2017, wanafunzi 32 walikufa na watatu walinusurika, lakini waliofiwa walikuwa pia wenzao wote waliobaki shuleni Arusha. Vijana wa umri huu hukwepa hema lenye kibao cha ushauri, ila kwenye kazi huja. Mwaka 2007 jopo la wataalamu chini ya Stevan Hobfoll lilitaja nguzo tano za msaada wa mapema: usalama, utulivu, kujiona unaweza, kushikamana na wengine, na matumaini. Kijana anayeandikisha watoto dawatini au kuongoza michezo ya wadogo amepata ya tatu na ya nne kwa pamoja. Kazi iwe na kipimo, iwe na msimamizi, na imwachie saa za kulala na kusoma. Na wazazi wasisahau simu yake, ambako picha za maiti huzungushwa katika makundi ya WhatsApp kabla hata familia hazijaarifiwa.

Mahali pa kukutanisha haya yote ni shule. Kipindi cha kwanza saa ile ile ya zamani, hata chini ya turubai, humwambia mtoto kwamba dunia bado ina mpangilio. Wiki za mwanzo hazifai kwa majaribio na viboko. Zinafaa kwa nyimbo, michezo, masomo mafupi, na mazungumzo ya wazi kuhusu madawati yaliyobaki matupu, ambayo ni heri wanafunzi wenyewe waamue yafanyiwe nini kuliko wayakute yameondolewa kimyakimya. Kambi iliyowekwa madarasani nayo itafutiwe mahali pengine mapema, kwa kuwa kila wiki ya kukosa shule humnyima mtoto tiba hii. Lakini mwalimu naye amefiwa, na hapo huja pingamizi la mwisho: hatuna wataalamu wa kutosha. Ni kweli, ila majibu yake yamekwisha kujaribiwa hapa kwetu. Shannon Dorsey na wenzake walichapisha mwaka 2020 matokeo ya jaribio lililohusu watoto yatima 640 katika sehemu nne: mjini na vijijini katika maeneo ya Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Tiba ya kiwewe ilitolewa kwa vikundi na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, bila shahada za afya ya akili. Tiba ilipokamilika, watoto katika sehemu tatu kati ya nne walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilibaki Kenya, wakati upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamefikia nafuu inayofanana. Matokeo hayo hayaahidi muujiza. Yanaonyesha tu kwamba uhaba wa madaktari wa akili hautoshi kuwa sababu ya kumwacha mtoto ambaye bado anaamka akipiga kelele miezi sita baada ya tukio.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, na kila moja ina wakati wake. Ya kwanza ni ya siku na wiki za mwanzo, nayo ni ya wazazi, walimu, majirani, viongozi wa dini na mtu wa dawati. Ya pili ni ya miezi inayofuata, ya kuwatafuta wachache ambao hawakupona na kuwafikisha kwa waliofunzwa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 na kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kenya ina serikali za kaunti. Mipango yao huorodhesha mablanketi, mahindi na dawa. Iongezwe mistari michache: nani anatunza nakala ya majina ya wanafunzi, walimu gani wawili wa kila shule wamefunzwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na ofisa gani wa ustawi wa jamii atarudi shuleni mwezi wa sita, mwezi wa nane na siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, akiwa na orodha ya watoto mkononi na mahali pa kuwapeleka. Fedha za safari hizo zitengwe siku ile ile zinapotengwa za mahema, kwa sababu ukifika mwezi wa nane hakuna atakayechangisha.